Mlango wa Wakaguzi wa Hesabu

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alitoka usailini saa kumi alasiri akaja moja kwa moja dukani kwetu. Akavua vile viatu vya kuazima, akakaa juu ya boksi la karatasi za fotokopi, akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, maana uso wake ulikuwa umekwisha kusema. Mwishowe akaniambia, "Kaka, ulinipoteza."

Na kweli nilimpoteza, ingawa si kwa makusudi.

Msomaji, mimi ni kijana wa kidato cha nne. Nafanya kazi katika duka la steshenari hapa Dar es Salaam: kupiga chapa barua za watu, kutoa fotokopi, kukata picha za pasipoti, na siku hizi kuwajazia watu fomu za kazi kwenye kompyuta. Usiku naandika riwaya ambayo haiishi. Barua za maombi ya kazi nimeandika nyingi mno, ila usaili wangu mwenyewe ni mmoja tu, na mwenye duka aliniuliza swali moja: "Hii mashine unaiweza?"

Dada yeye amesoma. Ana shahada ya uhasibu, na mama mdogo alimsomesha kwa vitumbua. Akaomba kazi katika kampuni mojawapo kubwa ya ukaguzi wa hesabu, zile zenye ofisi ndani ya majengo ya vioo. Huko haingii mtu kwa barua moja. Kwanza fomu, ndefu kama safari ya Kigoma kwa treni. Kisha mtihani wa hesabu na lugha kwenye kompyuta, saa inakimbia pembeni ya kioo. Huo aliufaulu, tukanunua soda. Halafu siku ya mchujo, watahiniwa sita sita mezani. Anayevuka hapo ndiye anayekaa mbele ya wabia wenyewe wa kampuni.

Usiku wa kuamkia mchujo aliniuliza ajiweke vipi. Nami, bingwa wa mambo nisiyoyajua, nikamwambia: "Kuwa na adabu. Usidakie maneno ya watu. Waache wenzio waanze. Mtu wa maana huonekana tu." Ndivyo tulivyolelewa sote wawili.

Basi wakapewa karatasi juu ya kiwanda cha biskuti kinachopata hasara, wakaambiwa wajadiliane watoe ushauri mmoja kwa dakika arobaini. Mwenyekiti hakuna. Pembeni wamekaa watu watatu na madaftari yao, kimya kama wanga. Wenzake hawajafika hata ukurasa wa pili, kijana mmoja keshanyakua kalamu yuko ubaoni. Dada alisema mara mbili tu. Mara ya pili ilikuwa kumwuliza binti mmoja ambaye alikuwa hajafungua mdomo, yeye anaonaje. Baada ya wiki tatu ukaja ujumbe wa kumshukuru kwa kuonyesha nia.

Tangu siku hiyo nikawa na swali moja kichwani. Mchezo huu wa mezani aliubuni nani, na alikuwa anamtafuta mtu gani? Nimelitafuta jibu kwenye vitabu vya maktaba, vitabu vikuukuu vya kando ya barabara, na kwenye intaneti ya dukani wateja wakiadimika. Niliyoyakuta ndiyo haya.

La kwanza lilinichekesha. Kumbe kazi hii ya ukaguzi wa hesabu, ambayo leo bila shahada hata mlinzi wa getini hakusikilizi, ilianzishwa na watu wa elimu kama yangu! William Deloitte, ambaye jina lake mpaka leo liko kwenye vibao vya miji mikubwa duniani, alianza kazi London akiwa na miaka 15, mtumishi mdogo katika mahakama ya wafilisi. Mwaka 1845 akafungua ofisi yake mwenyewe. Samuel Price alifungua yake mwaka 1849, na mwaka 1865 akaungana na Edwin Waterhouse. Ilikuwa enzi ya reli na ya makampuni yanayozaliwa asubuhi na kufa jioni, na kila kampuni ikifa lazima apatikane mtu wa kuhesabu mifupa. Wahasibu wa Edinburgh walipata hati ya kifalme mwaka 1854, wenzao wa Uingereza na Wales mwaka 1880.

Sasa kijana aliingiaje? Hakukuwa na fomu wala mchujo. Kulikuwa na uanagenzi. Kijana aliyemaliza shule aliandikiana mkataba na mhasibu mmoja, akakaa chini yake miaka mitano akijifunza na kufanya mitihani ya chama. Aliyetoka chuo kikuu alipunguziwa, akakaa mitatu, lakini wa namna hiyo walikuwa wachache, na waliendelea kuwa wachache mpaka miaka ya 1960 na kitu. Hapo nikajiona ningefaa. Nikasoma mbele kidogo. Mwanagenzi hakulipwa mshahara, au alipewa kitu cha kufutia machozi. Si hivyo tu, baba yake ndiye aliyemlipa mhasibu, tena kabla kijana hajashika kalamu, na katika ofisi zenye jina ada hiyo iliweza kufika mamia ya paundi. Kwa hiyo mchujo ulikuwepo. Ulifanyika mfukoni mwa baba.

Na kwa mwanamke hata mfuko haukusaidia. Mary Harris Smith alikuwa na ofisi yake ya uhasibu mjini London, wateja wanamjia, kazi anaiweza. Akaomba uanachama wa chama kile cha mwaka 1880, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akangoja. Alikubaliwa mwaka 1920, yeye wa kwanza, akiwa bibi wa miaka zaidi ya sabini. Nilipomsimulia dada habari hii alisema, "Basi mimi bado mtoto."

Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa na kidonda hicho hicho cha kujuana. Mwaka ule ule wa 1854 ilitolewa taarifa ya Northcote na Trevelyan, iliyosema waziwazi kwamba ofisi za serikali zimejaa watoto wa wakubwa wasiojiweza, na dawa yake ni mtihani wa wazi, anayeshinda ndiye anayeingia. Wachina walikuwa wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakaja kuuacha mtihani wao mwaka 1905. Mtihani ni kitu cha haki, wasema wengi, nami nakubali nusu. Mtihani wa kuingia utumishi wa India ulianza mwaka 1855, ukawa wazi hata kwa Wahindi. Lakini ulifanyikia London tu! Satyendranath Tagore alifaulu mwaka 1863, Mhindi wa kwanza, baada ya kuvuka bahari. Mpaka mwaka 1922 ndipo mtihani ulipoanza kufanyika India kwenyewe. Karatasi ya mtihani haikubagua mtu. Nauli ya meli ndiyo iliyobagua.

Sisi wa Tanganyika na Kenya tulitawaliwa na watu ambao hata mtihani huo hawakufanya. Hili sikulijua kabisa. Bwana Shauri aliyemtoza babu yangu kodi alichaguliwa kwa kutazamwa. Mtazamaji mkuu alikuwa Ralph Furse, aliyeanza kazi hiyo katika Wizara ya Makoloni mwaka 1910 na kuiacha mwaka 1948, ukiondoa miaka ya vita ya kwanza alipokwenda jeshini. Yeye hakuuamini mtihani. Aliamini barua za siri kutoka kwa walimu wa Oxford na Cambridge, na mazungumzo ya ana kwa ana ofisini mwake. Alitaka kijana wa shule nzuri, mwanamichezo, digrii ya daraja la kati inatosha, bora awe na kile walichokiita tabia. Kulikuwa na mwongozo wa siri kwa wasaili, na humo walishauriwa kutazama midomo ya mtu na macho yake, maana unyonge, eti, hujificha kwenye mdomo uliolegea na jicho linalokwepa. Halafu kuna hili ambalo kama ningelitia kwenye riwaya yangu mhariri angelifuta: Furse alikuwa na tatizo la kusikia, na uziwi ulizidi kadiri umri ulivyokwenda. Majimbo yetu yaligawiwa mabwana na msaili asiyesikia vizuri majibu.

Nisieleweke vibaya. Wengine aliowachagua walikuwa wachapa kazi. Ninachosema ni kwamba lile jicho halikufa na ukoloni. Dada aliniambia kwamba yule mama aliyewapokea getini siku ya mchujo aliwatazama viatu kabla ya kuwatazama nyuso.

Turudi kwa wakaguzi, tuvuke Atlantiki. Huko Marekani ndiko kampuni zilikoanza mapema kwenda vyuoni kuchukua wahitimu. Arthur Andersen, mtoto wa wahamiaji kutoka Norway, alifiwa na wazazi akiwa na umri wa miaka 16. Alifanya kazi ya kusambaza barua kiwandani mchana, akasoma usiku. Mwaka 1913 akaanzisha kampuni Chicago, na ikawa miongoni mwa zilizotangulia kuchukua vijana kutoka vyuoni na kuwafundisha zenyewe. Mwaka 1970 ilinunua chuo kizima huko St. Charles, Illinois, kiwe shule ya wafanyakazi wake. (Kampuni hiyo ilikuja kuanguka mwaka 2002 kwa kashfa ya Enron. Walikuwa hodari wa kuwachuja vijana. Wakubwa wao sijui aliwachuja nani.)

Lakini Marekani hiyo hiyo ndiyo iliyonipa mtu ambaye usiku ule sikulala kwa kumfikiria. John Cromwell, Mmarekani Mweusi, alimaliza Dartmouth mwaka 1906 kwa alama za juu kabisa. Alitaka kuwa mhasibu mwenye cheti cha serikali. Sheria za majimbo mengi zilitaka mtu awe kwanza amefanya kazi chini ya mhasibu mwenye cheti. Wenye vyeti walikuwa Wazungu, nao hawakuajiri Mweusi. Umeuona mtego? Hakuna aliyeandika kwenye sheria kwamba Mweusi asiwe mhasibu. Waliandika neno moja tu, uzoefu. Cromwell alingoja miaka 15, hadi alipokwenda jimbo la New Hampshire, ambako uzoefu haukudaiwa. Mwaka 1921 akapata cheti, Mweusi wa kwanza Marekani nzima.

Wa pili kunigusa ni Mary Washington wa Chicago. Mwaka 1939 alianza kufanya shughuli za uhasibu katika chumba cha chini ya nyumba yake, na mwaka 1943 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata cheti hicho nchini humo. Yeye alipopita mlango hakuufunga. Vijana Weusi kutoka majimbo mengine, waliokataliwa kote, walihamia Chicago ili wafanye kazi chini yake wapate ule uzoefu. Kampuni kubwa zilianza kuwachukua Weusi kwa idadi ya maana baada tu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Kila wiki hapa dukani nabandika ukutani matangazo ya kazi yenye neno hilo: uzoefu wa miaka mitatu, uzoefu wa miaka mitano. Zamani nililipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Siku hizi nikiliona namkumbuka Cromwell.

Na ule mchezo wa mezani je? Haukutoka kwa wahasibu hata kidogo. Ulitoka jeshini.

Mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilikuwa na shida ya maofisa. Mtindo wa zamani ulikuwa ule ule wa Furse: mkuu wa kikosi anamtazama kijana, anamwuliza baba yake ni nani na alisoma wapi, basi. Vita vikawa vikubwa, watoto wa shule zile hawakutosha, na wengi waliochaguliwa hivyo walishindwa kwenye mafunzo. Ndipo zikaundwa bodi mpya za uteuzi, zenye madaktari wa akili na wanasaikolojia pamoja na maofisa. Watahiniwa walipelekwa kwenye nyumba kubwa shambani kwa siku kama tatu. Vyeo vilivuliwa, kila mmoja akavaa namba, asijulikane mtoto wa bwana wala mtoto wa mchimba makaa. Wakapimwa kwa maswali ya akili. Wakapewa magogo na kamba wavuke mfereji. Na wakakalishwa pamoja bila kiongozi, wakaambiwa, haya, jadilianeni.

Hilo la kukosa kiongozi lilikuwa wazo la daktari Wilfred Bion. Mimi nilidhani Bion alikuwa anamtafuta yule wa kunyakua kalamu. Nilikosea. Maelezo yake mwenyewe, aliyoyachapisha mwaka 1946, yanasema vingine. Kila mtahiniwa pale alikuwa na haja ya kujionyesha ili afaulu, lakini kazi yenyewe ilitaka washirikiane. Bion alitaka kuona mtu amebanwa katikati ya mambo hayo mawili anawatendea nini wenzake. Je, anawakanyaga ili aonekane, au hata katika hofu yake mwenyewe bado anawaona?

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Nilimkumbuka yule binti aliyekuwa hajafungua mdomo, na dada yangu akimwuliza, wewe unaonaje.

Safari ya mchezo huo kutoka jeshini hadi kwa wahasibu haikuwa ndefu. Mwaka 1945 utumishi wa serikali ya Uingereza uliuchukua, nyumba ya shambani na vyote. Wamarekani waliutumia wakati wa vita kuchagulia majasusi. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya Bell ikaanza uchunguzi mkubwa chini ya mwanasaikolojia Douglas Bray. Wanaume 422 walipimwa siku kadhaa kwa michezo na maswali, kisha majibu yakafungiwa, mabosi wao wasiyaone, ili miaka ikipita ionekane kama waliotabiriwa kupanda wamepanda kweli. Wengi walipanda. Kampuni nyingine zilipopata habari zikaiga. Mwaka 1977 Peter Saville na Roger Holdsworth wakaanzisha Uingereza kampuni ya kuuza mitihani ya kuchagua wafanyakazi, na mitihani ya jamii hiyo ndiyo iliyoenea mpaka kwenye ofisi za wakaguzi dunia nzima.

Tatizo ninaloliona mimi, na hapa nasema maoni yangu, ni hili. Askari wa mwaka 1942 hakuwahi kuusikia mchezo ule kabla ya kuvishwa namba. Leo vipo vitabu na masomo ya kulipia yanayofundisha namna ya kuucheza: lini udake, lini umtaje mwenzako kwa jina, lini ufanye muhtasari. Yule kijana wa ubaoni, dada alikuja kujua, alikuwa amefundishwa na kaka yake anayefanya kazi kampuni ya namna hiyo hiyo. Dada yeye alifundishwa na mimi.

Hapa kwetu kulikuwa na wakati ambapo hakuna aliyechujwa. Tulipopata uhuru mwaka 1961 wasomi walihesabika kwa vidole. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba mwaka huo na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mhitimu alikuwa mali kama dhahabu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mabenki na viwanda vikawa vya umma, mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi wa Hesabu kuyakagua mashirika hayo, na mwaka 1972 ikatungwa sheria ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, mitihani ikaanza kutungwa nyumbani. Mjomba wangu alimaliza masomo miaka ile. Anasema aliletewa barua: ripoti mahali fulani tarehe fulani. Hakuulizwa anajionaje baada ya miaka mitano. "Tungeulizwa hivyo tungedhani ni usalama wa taifa," husema akacheka.

Enzi hiyo ilikwisha. Mashirika yakauzwa, lile shirika la ukaguzi nalo kama mali ya umma halipo tena, vyuo vikaongezeka, na barua za kupangiwa kazi zikakoma. Wenye umri wangu tunaikumbuka zaidi picha ya Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 wamekaa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mjomba aliiona gazetini. Safari hiyo hakucheka.

Dada nilimsomea habari za Bion zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo daktari yuko wapi?" Nikamwambia alifariki mwaka 1979. "Basi," akasema, akaendelea kula muhogo wake.

Mwezi uliopita amepata mahali. Ni ofisi ndogo ya mkaguzi mmoja mzee, ghorofa ya pili huko Kariakoo, chumba kimoja na kabati la mafaili. Mzee alimwuliza kama anaweza kufunga hesabu za duka la vipuri ambalo risiti zake zimeliwa na panya. Akasema anaweza. Mshahara hakuna kwanza, atapata uzoefu, na mzee ameahidi kumwandikia barua. Nauli ya daladala na pesa ya chakula cha mchana anatoa mama mdogo, kila asubuhi, kutoka kwenye kopo la vitumbua.

Jana alipita dukani kutoa fotokopi za zile risiti, zilizobaki. Nilimtolea bure, mwenye duka hakuwepo.